Puce ya Jina ya Mudogo Wangu

Mudogo wangu alivaa kitenge yake ya misa juu ya kupokea watu waliokuja kumufunga.

Sioni namna ingine ya kuanza. Tulikuwa kwake Kabambare, nyuma ya nyumba, tunamenya mihogo. Mvua ilikuwa imetoka kukatika na udongo ilikuwa inashika ku miguu. Tukasikia moto, zile pikipiki, zinakuja, si moja, mingi, zinanguruma mu matope. Kisha sauti ya mwanaume kwa jirani, anauliza jina ya mudogo wangu. Alitaja jina yote, ile ya ubatizo na ile ya baba yetu, sawa vile iko juu ya kadi ya kura. Hakuna mutu Kabambare anayemuita vile. Mudogo wangu akaacha kisu, akanishika mukono mie dada yake mukubwa, na mikono yake yenye maji ya mihogo.

"Yaya, ni wao! Watu wa proje! Wamekuja!"

Juu walituahidi. Kule Kasongo, kwenye formasio, yale mafunzo yao ya biashara, walisema wale wenye startup nzuri watatembelewa nyumbani. Mudogo wangu alikuwa anangoja siku ile sawa mutu anangoja posa. Akaingia ndani mbio. Mie nilibaki nje, nikaona kofia, nikaona bunduki, na bado akili yangu ilikuwa inatafuta njia ya kufurahi. Nilijiambia, pengine proje imekuja na walinzi, barabara ni mbaya.

Akatoka. Kitenge ya bluu, kitambaa ku kichwa, amepaka mafuta ku uso. Anacheka. Komanda wa wale askari alikuwa na kipande ndogo ya plastiki ku kiganja, ameifinya na kidole gumba ili isianguke mu matope. Akasoma jina ku simu yake, akauliza, "Ni nani huyu?"

"Ni mie, papa. Karibuni!"

"Uko na hakika?"

"Papa, jina niko nayo tangu kuzaliwa." Akageuka kwangu, bado anacheka. "Na puce hizi za simu ni zetu, mie na yaya yangu huyu."

Askari mumoja alicheka pia. Komanda hakucheka. Akasema, "Basi amekubali," na wakamushika. Kitambaa ikaanguka. Nililia, nikasema mie ndiye niliuza, mie ndiye mwenye parasoli ya kuuzia kule Salamabila ku mashimo ya zahabu, huyu ni mulimaji, hajui kitu. Komanda akaniangalia sawa mutu anaangalia mbuzi iliyoingia mu kanisa.

"Mama, jina yako iko mu mashini?"

"Haiko."

"Basi kaa."

Nikabaki. Niliokoka vita wakati tulilala mu pori na watoto wa watu mugongoni. Niliokoka Salamabila, shimo ilipomufunika bwana yangu na mie niko juu nauza mikate. Siku ile ya kitenge nikaokoka tena. Watu wananiambia, mama, Mungu anakupenda. Waache kuniambia vile.

Nirudi nyuma sasa. Shule yangu iliishia chini sana, juu ya ile muniachilie makosa. Na majina sitaandika, juu watoto wa mudogo wangu wangali wanalala palepale Kabambare na mulango yao ni ya mabati. Lakini kazi za watu nitazitaja, na wao wenyewe watajijua. Kuko formatere, yule mufundishaji wa Kasongo. Kuko superviza wa kampuni ya simu. Kuko komanda. Na kuko mie.

Mie ndiye nilimutoa mudogo wangu mu shamba. Ile lazima isemwe kwanza. Walitangaza ku kanisa kwamba wanawake wenye biashara ndogo waende Kasongo kusoma namna ya kuanza startup, neno ambayo mwenye kutangaza mwenyewe aliisoma mara mingi kabla haijatoka. Mie nilikuwa na mikate yangu Salamabila, nilikuwa mutu wa biashara. Yeye alikuwa na mihogo yake na karanga. Nikamuambia twende.

"Yaya, mie niende kufanya nini kule? Kompyuta itaniongelesha Kibangubangu?"

"Utakaa tu, utakula chakula yao."

"Basi kama kuko chakula, nitafahamu."

Tukaenda ku moto moja, sisi wawili na mwenye kuendesha, tukaanguka mu matope, tukainuka, tukafika Kasongo nyekundu ku uso sawa tumechimbwa. Sale ya parokia, ile ukumbi kubwa, ilikuwa imejaa. Formatere alikuwa kijana wa muji, viatu nyeupe, na sijui alizipitisha wapi mpaka zikafika nyeupe. Kiswahili yake ilikuwa nusu Kifaransa, lakini alikuwa anajua kuongea, sitamunyima ile. Mutu wa proje mwenye kupiga picha na filamu alikuwa anamufuata kila mahali.

Akatuhadithia kampuni moja ya ng'ambo. Ilianza na rafiki watatu, walikaa mu resto, mukahawa ya kando ya barabara, wakakubaliana: sisi tutatengeneza puce.

Hapa mukatekista muzee aliyekaa mbele akainua mukono. "Mwalimu, mu Kifaransa puce si ni kiroboto?"

Formatere akasema ndiyo, ni kiroboto pia.

"Ah! Basi kwangu nyumbani kuko kampuni kubwa sana."

Sale yote ilianguka na kicheko. Formatere alicheka pia, kisha akaendelea, hakusimama kutueleza ile puce ingine ni nini. Na sisi hatukuuliza, juu tulijua. Kwetu, ukiacha kiroboto, puce ni kitu moja: kadi ndogo unayoingiza mu simu ili ipate namba na iongee. Neno yenyewe naiandika vile iliandikwa ku parasoli ya wauzaji. Kila mutu mu sale ile alikuwa na puce, wengine mbili, na mama mumoja alikuwa na simu yenye kuvunjika lakini puce yake aliifunga mu pindo ya kitenge sawa dawa.

Basi tukasikiliza hadithi yote na masikio ile. Alisema puce yao ya kwanza ilikataliwa, hakuna mutu aliitaka. Tukaitika, juu tuliona mitandao ikija Kabambare, ikiweka antena, na watu wanasusa. Alisema walikaribia kufa, wakafukuza wafanyakazi wengi, wakabaki na pumzi kidogo tu, wakaweka pumzi ile yote ku puce ya michezo. Tukaitika, watoto wetu si wanacheza ku simu? Alisema bosi wa kampuni ile, miaka na miaka, alimwaga feza juu ya kitu ambayo wateja wake hawakuomba. Watu wenye feza zao wakamununia. Kisha mashini zenye kufikiri zikafika duniani, na zote zikahitaji puce yake, na leo kampuni zile kubwa zinajipanga mulangoni kwake sawa watu wa mugao. Tukaitika mpaka shingo zikauma. Hakuna neno hata moja iliyokataa kuingia mu kosa yetu.

Alikuwa na masomo ya kutupa kutoka mu hadithi ile. Anguka upesi, inuka upesi. Tengeneza kitu ambayo watu wakishaizoea hawawezi kutoka. Kua kwanza, makosa utatengeneza nyuma. Na ile aliyoipenda zaidi, aliirudilia akitembea mbele yetu: "Zahabu wakichimba, wewe usichimbe. Wewe uza beleshi."

Sisi wa Salamabila tukaangaliana. Nikasema, "Mwalimu, wenye kuuza beleshi kwetu wanaibiwa beleshi."

Watu wakacheka. Akaninyooshea kidole. "Mama, na wewe unauzia wachimbaji nini?"

"Mikate."

"Basi wewe ni sawa kampuni ile!"

Wakanipigia makofi. Nilikuwa mutu muzima, mujane, meno mbili hakuna, na nilipigiwa makofi kwa mara ya kwanza mu maisha yangu. Munaweza kunicheka. Mie ningemufuata kijana yule popote.

Siku ya mwisho kila kundi ilisimama kusema itaanzisha nini. Mie nilishikwa na haya. Ni mudogo wangu alisimama, yule aliyekuja juu ya chakula. Alisema vizuri kabisa. Alisema Salamabila watu wanashuka mu shimo na simu, puce zinaanguka mu maji, wanapanda juu wanatafuta zingine, na wenye kuuza wako mbali. "Wao watachimba zahabu. Sisi tutauza puce. Tutakuwa sawa wale rafiki watatu, lakini sisi ni wawili, na tutakaa chini ya parasoli, resto hatuna."

Nilimuona formatere. Hii naiapa. Mudomo yake ilifunguka kusema kitu, kisha ikabaki wazi. Aliangalia yule wa picha, aliangalia wageni wa proje waliokaa ku dirisha. Alikuwa amefahamu. Alijua tuliyoisikia si aliyoisema. Mukatekista muzee naye alihisi kitu, akainua mukono tena: "Lakini mwalimu, ni puce ile ile?"

Akamujibu, "Papa, puce ni puce."

Kisha akapiga makofi, juu sana, na wageni wakapiga. Akamuita mudogo wangu mbele, nami nikaitwa, tukapigwa picha. Akasema hii ndiyo roho ya startup, hawa mama wawili.

Puce ni puce. Maneno madogo vile. Angesema, "Mama, samahani, ile naongelea ni kitu ingine," tungecheka, tungekula chakula yake, tungerudi ku mihogo na ku mikate. Haya ya kidogo mbele ya watu, basi. Alituhurumia haya ile, ama alijihurumia mwenyewe. Mpaka leo sijui ni ipi, na nataka kujua.

Yeye ndiye alitupa namba ya superviza. Superviza alikuja Salamabila na parasoli, na mufuko ya puce, na simu yake ya kuandikisha watu. Sheria ni hii, na alituambia mwenyewe: kila mwenye kununua aje na kadi yake ya kura, unapiga kadi picha, jina inaingia mu mashini, puce inaamka. Lakini wachimbaji kadi wanatoa wapi? Wengine ziko kwao mbali, wengine zilioza mu maji, wengine hawataki kusema wanatoka wapi. Tulikaa chini ya parasoli na hakuna puce iliyoamka. Superviza alikuwa na bosi wake mwenye kutaka hesabu ikue. Akasema, "Tuziamushe zote mbele, ku jina moja. Nyuma watakuja kurekebisha."

"Sheria inakubali?"

"Kuko mupaka ya puce ku jina moja, mama, lakini mie ndiye mwenye kujua njia. Leta kadi yako."

Kadi yangu niliiweka ku kifua tangu niipate, mu pori, mu mvua, mu moshi ya mikate. Jasho ilikula wino. Superviza aliiinua ku jua, akaigeuza, akaigeuza tena. Haikuwa na uso, haikuwa na jina, ilikuwa nyeupe sawa yai. Akacheka mpaka akashika parasoli.

"Mama, wewe hauko! Nani anauza mikate hapa? Ni jini?"

Tukacheka wote. Wachimbaji wakaanza kuniita Mama Hauko, kisha wakaniita Mama Puce, na ile ilibaki.

Kadi ya mudogo wangu ilikuwa mupya, aliihifadhi mu nailoni, ndani ya sanduku, juu ya nguo za watoto. Nikapanda moto mpaka Kabambare kuiomba. Alikuwa anatwanga. Hakuuliza hata ya kufanya nini; nikamueleza kwa nguvu, juu nilitaka akubali akijua.

"Kwani jina itaisha?" akasema. "Chukua, yaya. Ile si ni startup yetu?"

Nikaichukua. Kama wino yangu ingekuwa na nguvu kidogo, ni mie ningekuwa ndani leo na yeye nje. Usingizi inakuja inakuta neno ile, inarudi.

Puce zikaamka, zote zikiitwa mudogo wangu. Zikaenda. Ee, zilienda! Watu walikuja kutoka mashimo ya mbali. Formatere alikuwa anapiga simu kutoka muji: "Munakua, mama? Munakua?" Ninamuambia tunakua. "Usikawie na mutu mumoja. Kua kwanza!" Basi sikukawia. Mukono inanyoosha, mukono inapokea, ingine inanyoosha. Zamani na mikate nilikuwa najua mutu na mukate yake, huyu anapenda yenye kuiva sana, yule anakopa Ijumaa. Na puce niliacha kuangalia uso. Kwa kweli nilifurahia hata ile, nilijiona nimekuwa mukubwa, mwenye kukosa wakati.

Mutu mumoja kati ya mikono ile alichukua puce akaenda nayo mu pori.

Kisha muchuuzi mumoja wa mafuta ya ngazi, yale mawese, akakamatwa ku barabara ya Wamaza. Watu wa pori walimushusha ku moto, wakamuingiza mu majani, wakapigia bibi yake simu waseme wanataka nini. Bibi aliuza vyote vilivyouzika. Bwana hakurudi. Siku kidogo zikapita, askari walianguka juu ya kambi ya watu wale, wenyewe wakakimbia, ikabaki sufuria ku mafiga na simu moja. Ndani ya simu, puce. Ndani ya puce, jina ya mudogo wangu. Ndiyo wakapanda Kabambare, na ndiyo akavaa kitenge.

Baada ya askari kumupeleka mudogo wangu Kasongo, nilienda Wamaza kwa mujane wa yule muchuuzi. Sikujua nitasema nini. Nilikuta amekaa mu mulango, nikapiga magoti palepale inje.

"Ni wewe uliuza?" akauliza.

"Ni mie."

"Na yule waliyemufunga ni nani?"

"Mudogo wangu. Hajauza hata moja. Jina tu ndiyo yake."

Kuku zilipita kati yetu. Kisha akasema, "Aliyenipigia alikuwa mwanaume. Kila mara ni mwanaume mumoja. Alikuwa na kikohozi. Mie nitaijua sauti ile hata kaburini."

"Utakubali kusema vile kwa komanda?"

"Nilishasema. Aliniambia mashini haiandike kikohozi, inaandika jina." Akaniangalia vizuri. "Na wewe uliyeuza, ulimuona. Alikuwa namna gani?"

Nilitafuta. Mungu anajua nilitafuta, hata sasa natafuta. Naona mikono, naona matope ku kucha, naona parasoli. Uso hakuna.

"Sikumbuki, mama."

Hakunitukana. Aliinuka, akaingia ndani, akafunga mulango polepole, sawa mutu mwenye kuogopa kuamusha mutoto.

Superviza sasa. Nilimupigia mpaka akachoka kukata. Nikamuambia: mashini yako ile, ambayo inajua jina, si inajua pia puce iliamushwa wapi, siku gani, na simu ya nani? Si inajua ni Salamabila, ku simu yako wewe, na mudogo wangu siku ile alikuwa shambani kwake na kijiji yote walimuona? Ifungue, ionyeshe jaji.

"Data ni ya kampuni, mama. Mie si mwenye nayo."

"Lakini njia ya kupita mupaka ulikuwa mwenye nayo."

Kisha akasema na sauti ya pole, na ile pole ndiyo iliniumiza: "Mama, kadi mie sikuiiba. Uliniletea na mukono yako."

Ni kweli. Niliileta na mukono yangu.

Ninapopata moto ninaenda Kasongo, ninapeleka bugali na sombe, yale majani ya mihogo, ku gereza. Mudogo wangu amekonda, nywele zimekuwa nyeupe mbele, na bado anaulizia karanga zake kama zimepaliliwa. Hanilaumu. Anasema, "Yaya, si ni mie mwenyewe nilikubali? Nilisema ni yangu." Anasema hata kampuni ile kubwa ilikaribia kufa kabla ya kuinuka, mwalimu alisema, tungoje. Angenitukana ningepata mahali pa kuweka kichwa.

Siku moja natoka kwake na sufuria tupu, nikaona watu wanaingia mu sale ya parokia. Nikauliza ni nini. Wakasema ni formasio, startup, yule mwalimu wa viatu nyeupe amerudi. Nikaingia, nikasimama nyuma na sufuria yangu.

Ku ukuta alikuwa anaonyesha picha na mashini yake. Akaonyesha kitu nyeusi, mraba, ndogo sawa kucha, yenye miguu mingi ya chuma pembeni. Akasema, "Hii ndiyo puce. Ndiyo ubongo ya mashini. Ndiyo kampuni ile inatengeneza." Nikaangalia. Haikuwa ya kuingiza namba. Haikuwa yetu kabisa. Sijawahi kuona kitu ile mu maisha yangu. Na mawe ya huku kwetu, yale yanapita ku migongo na ku moto kila siku, nimekuja kuambiwa yanaingia mu simu na mashini za kundi ile. Mu hadithi yake yote hakuyataja hata mara moja.

Kisha akabadilisha picha, na ku ukuta tukatokea sisi wawili. Mudogo wangu mukubwa sawa nyumba, meno zote inje, amenishika bega.

"Hawa mama," akasema, "hawakujua hata puce ni nini! Walifikiri ni ile ya simu!" Sale ikacheka. "Lakini walianza! Hawakungoja kujua. Walianza, wakakua. Ile ndiyo somo."

Sijui sauti yangu ilitoka wapi. "Huyo wa kushoto iko gerezani. Hapa, nyuma ya hii kanisa. Muende mumuone."

Watu wakageuka. Formatere akanitambua, niliona. Akasema, "Mama, pole, tutaongea mu pause."

"Ulijua tulikosea. Mukatekista alikuuliza."

"Mama, startup mingi zinakufa. Hata ile kampuni..."

"Ile kampuni ikianguka, wenyewe walikuwa wanalala kwao! Walikuwa wanatafuta kazi ingine! Nani kati ya wale rafiki watatu aliingia gerezani juu ya jina yake kuwa nzuri na kusomeka?"

Mutu mumoja akanishika mukono, mama, tulia, twende inje. Nikaenda inje. Pause ilifika, watu wakakunywa soda zao. Formatere alitoroka ku mulango ya nyuma, moto yake ilikuwa tayari inanguruma.

Mudogo wangu sijamuambia nilichoona ku ukuta. Anafikiri biashara yetu ilipata bahati mbaya. Hajui kwamba tangu mwanzo haikuwa ile, na kwamba mutu mumoja alijua, akapiga makofi. Kila nikifika ninaleta neno ile mu mudomo, na kila mara ninamupa bugali ninarudi nayo.

Basi ninaandika. Anayesoma hapa anaweza kuwa na njia ya kuwafikia wale watatu niliotaja kazi zao, mie sina.

Wewe formatere, njoo mbele ya jaji wa Kasongo, useme: nilijua, na niliwaacha. Leta ile filamu, iko na sauti ya muzee anauliza na sauti yako inajibu. Wewe superviza, pamoja na bosi wako aliyetaka hesabu, fungueni mashini yenu, muonyeshe simu gani iliamusha puce ile na ilikuwa mahali gani. Wewe komanda, mulete yule mujane, umusikilize mpaka mwisho, kisha tafuta mwanaume mwenye kikohozi, juu angali anatembea. Mie niko tayari, nitakuja hata kwa miguu, na kama kuko mahali pa mwenye hatia nitakaa pale. Lakini peke yangu sikubali. Nani aliandika jina ya mudogo wangu, nani alijua, na nani anaiacha mu mashini mpaka leo? Mujibu. Na mumujibu yeye, uso kwa uso, mulango ya gereza ikiwa wazi.